Kipimo cha Bahari, Nyumba za Ziwa

Kuna kifungu katika Kanuni za Usimamizi wa Rasilimali za Maji za mwaka 2007 ambacho nimekirudia mara nyingi kuliko nilivyowahi kurudia riwaya yoyote. Kinaeleza ukingo wa ziwa unaanzia wapi na kuishia wapi machoni pa sheria ya Kenya. Kwa maneno yangu: anzia pale maji yalipowahi kuandikwa kufika juu kabisa, hesabu mita 2 za kupanda au mita 30 za kwenda mbele, kisha chukua kipimo kilicho kifupi. Ndani ya ukanda huo, jedwali la mwishoni mwa kanuni linakataza, pamoja na mambo mengine, kuweka majengo ya kudumu.

Wanasheria hupita hapo haraka. Mhakiki hawezi. Hebu chukua kipimo hicho utembee nacho Mbita. Pale ambapo kilima kinashuka na miamba yake hadi majini, mita 2 za kupanda zinakwisha baada ya hatua nne tano. Kipimo kifupi ndicho hicho, kwa hiyo mwenye ploti ya mwambani, penye mandhari ya kuvutia wageni, anaweza kujenga karibu kabisa na maji na asiguse kanuni. Sasa teremka ufuoni, kwenye mchanga tambarare ambapo mashua huvutwa na omena huanikwa juu ya nyavu kuukuu. Hapo unaweza kutembea mita 60, mita 80, kabla hujapanda mita 2. Kipimo kifupi sasa ni zile mita 30 kamili, na makao ya wavuvi yote yamo ndani. Ni sentensi moja tu. Haimtaji mtu wala haimchukii mtu, lakini imekwisha kuamua nani atalala akisikia mawimbi.

Sidhani aliyeiandika alikusudia hivyo. Alikuwa akiwaza mafuriko na maji machafu, nayo ni mambo ya kuwazwa. Ila maandishi husema zaidi ya alichokusudia mwandishi wake, hata yakiwa maandishi ya serikali.

Ninachotaka kuzungumzia ni nyumba ndogo za ufuoni. Najua kuna msomaji ameshaanza kutabasamu. Hapana, sizungumzii mpango wa kando. Nazungumzia nyumba ndogo kwelikweli: chumba kimoja au viwili, mabati juu na mabati kando, au fito zilizokandikwa udongo, karai la kuoshea samaki limeegemezwa ukutani, mlango uko karibu na maji kiasi kwamba mwenyewe akisikia injini ya mashua anajua ni ya nani. Hata hivyo mzaha huo si wa kutupa. Lugha ilishatangulia kuelewa: kwa Kiswahili, nyumba ndogo ni ile ambayo wakubwa wanaijua na hakuna anayetaka ihesabiwe.

Kwa wasiopajua, Mbita ni mji mdogo wa Suba Kaskazini, Kaunti ya Homa Bay, uliokaa kwenye shingo ya maji kati ya bara na kisiwa cha Rusinga. Miaka ya 1980 shingo hiyo ilizibwa kwa tuta ili magari yavuke, na maji ya ghuba yakatengana hapo na maji ya ziwa kuu mpaka daraja lilipokuja kuchukua nafasi ya tuta. Kuna kivuko cha kwenda Luanda K'Otieno upande wa Siaya. Kuna kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE. Kuna soko la samaki, na sasa zipo pia nyumba za likizo na hoteli, bara na visiwani, ambazo sina ugomvi nazo kama majengo. Mgeni anayelala kwa amani na kulipa bili yake hamdhuru mtu. Ugomvi wangu ni wa hesabu. Kila ukuta unaoteremka hadi majini ni njia moja ya ufuoni iliyofungwa, na kila njia ikifungwa, vyumba vya mabati vilivyokuwa vikiitegemea vinasogea au vinakwisha.

Kwingine watu wameshapambana na jambo hili kwa kalamu. Kuna miji ya pwani Marekani inayoweka kikomo cha ukubwa wa nyumba ikilinganishwa na kiwanja chake, ili kijumba cha zamani cha ufukweni kisibomolewe kupisha kasri la mtu anayekuja wiki tatu kwa mwaka. Zana za namna hiyo si ngeni kwetu. Sheria ya Mipango ya Maeneo ya mwaka 1996 tayari iliziruhusu halmashauri kutunga sheria ndogo za kugawa maeneo kwa matumizi na kwa msongamano wa majengo, na ile ya 2019 iliyochukua nafasi yake imeweka kazi ya mipango mikononi mwa kaunti. Kalamu ipo na karatasi ipo. Tatizo ni jicho. Maandishi yetu karibu yote kuhusu kingo za maji, na kuhusu kuhifadhi nyumba, yana jicho la bahari na mkono wa mwashi wa mawe.

Nianze na bahari. Katiba ya 2010, katika Ibara ya 62, inaitaja ardhi iliyo kati ya alama ya maji yakijaa na alama ya maji yakipwa kuwa ardhi ya umma. Mtu wa Lamu au wa Mombasa anaisikia sentensi hiyo mwilini. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kuna bamvua, kuna maji mafu, na mtoto wa miaka sita anajua ni saa ngapi mtumbwi utakwama. Ziwa letu halina mwendo huo wa kila siku. Nalo linajaa na kupwa, lakini kwa kalenda nyingine kabisa. Kati ya 1961 na 1964 lilipanda kiasi cha mita 2 na nusu. Kisha likashuka polepole, mwaka huu kidogo, mwaka ule likarudi juu kidogo, mpaka kufikia 2006 lilikuwa chini sana na watu wakalifuata. Walilima pale palipokauka, wakajenga pale palipokuwa pakavu tangu walipozaliwa. Mei 2020 kipimo cha Jinja kikasoma mita 13.42. Rekodi ya 1964 ilikuwa 13.41. Sentimita moja!

Yaani kupwa kwa ziwa hili kunachukua umri wa mtu. Kijana aliyejenga mwaka 2006 akiwa na miaka ishirini na tano alijenga bara, na alipokaribia arobaini akajikuta yuko majini. Mbele ya sheria alikuwa majini tangu siku ya kwanza, kwa sababu alama ya juu kabisa iliyoandikwa ilikuwa ile ya 1964, kabla hajazaliwa, na hakuna aliyemwekea jiwe la kumwonyesha. Alama hiyo inakaa kwenye daftari. Ukitaka kuona jinsi isivyo ya maumbile hata kidogo, tazama majirani. Tanzania, katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, inahesabu mita 60 kutoka ukingoni. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 zinalipa ziwa hilihili mita 200. Ziwa moja, rula tatu, na mvuvi anayevua leo Mbita na mwezi ujao Musoma anabadilika kutoka mkaaji halali kuwa mvunja sheria bila ya kubadilisha hata kitanda.

Wakenya wengi walilijua neno raipariani Agosti 2018, pale majumba ya biashara yalipoangushwa Nairobi, likiwemo Ukay Centre la Westlands. Watu walishangilia, na nadhani walikuwa na haki ya kushangilia: kwa mara moja tajiri alionyeshwa kwamba mto nao una hati yake. Lakini neno likishapata nguvu halichagui mtu wa kumwangukia. Likifika ziwani linamkuta mwenye chumba cha mabati, ambaye hana wakili wala gazeti.

Sasa mkono wa mwashi. Sitaki nieleweke vibaya kuhusu Lamu. Mji wa kale wa Lamu ulipewa ulinzi wa kisheria mwaka 1986 na kuingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2001, na kanuni zake za ujenzi ni baadhi ya maandishi ya serikali yenye mapenzi makubwa kuliko yote niliyosoma nchini. Zinajali urefu wa jengo, chokaa, boriti za mikoko, upana wa kichochoro. Aliyeziandika alikuwa amekaa kwenye daka akazungumza na watu, amepita chini ya wikio, amehesabu zidaka za chumba cha ndani, na ameelewa kwamba kiwanda kilicho katikati ya nyumba hakiko pale kwa urembo tu. Ndicho kinachoipa nyumba hewa. Ukisoma unajua huyu anaipenda nyumba.

Anapenda nyumba ya mawe, lakini. Eneo lililoorodheshwa ni hekta 15.6, na nje yake ndiko waliko watu wengi, katika nyumba za udongo na makuti ambazo nazo ni za Waswahili, nazo zina mpango wake. Unguja ni hivyohivyo. Mamlaka ya kuhifadhi mji iliundwa 1985, UNESCO ikaja mwaka 2000, na ulinzi ukaishia karibu na pale palipokuwa na mkono wa bahari. Ng'ambo, walikolala makuli, wavuvi na mafundi, ndiko majumba ya ghorofa ya Michenzani yalikopitishwa baada ya Mapinduzi, juu ya nyumba ndogo ambazo hakuna aliyezichora kwanza. Majina nayo yanasema. Waingereza waliuita mji wa mawe. Waswahili wanauita Mji Mkongwe. Wenye lugha walitazama umri, wageni wakatazama kilichojengewa, na sheria ikafuata wageni.

Hata mwaka wa kupimia ukongwe ni wa pwani. Katika Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya 2006, kifaa huhesabiwa kuwa cha kale kama kilitengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895. Mwaka 1895 ndipo Waingereza walipotangaza himaya yao ya Afrika Mashariki. Upande huu wa ziwa ulihesabiwa Uganda hadi 1902. Ndiyo kusema, mstari unaotenganisha cha kale na cha juzi ulichorwa kwa tarehe ya tukio ambalo halikutuhusu bado.

Ukiuliza, basi, ni nini kimehifadhiwa kwetu ziwani, jibu lipo na ni la kujivunia. Rusinga kuna mahali Mary Leakey alipofukua fuvu la Proconsul mwaka 1948, la mamilioni ya miaka. Kuna kaburi la Tom Mboya. Mfangano kuna michoro ya kale miambani. Ukivuka kuingia Migori kuna Thimlich Ohinga, iliyoingia orodha ya UNESCO mwaka 2018. Mfupa, kaburi, mwamba, ukuta. Nyumba haimo.

Thimlich Ohinga panastahili kutazamwa kwa utulivu zaidi ya kupiga picha. Ni kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo wa kushikiza, na inaaminika zilianza kujengwa karne ya 16. Ndani yake walikaa watu wa makundi mbalimbali kwa zamu, wasiozungumza lugha moja, na kila waliokuja walizirekebisha kuta walizozikuta, hadi karne iliyopita. Nyumba zao zilikuwa za udongo na nyasi. Zimekwenda, zimebaki alama za mviringo ardhini. Tunasema pamehifadhiwa, na ni kweli, lakini kilichohifadhiwa ni boma. Walikolala hapapo. Na boma lenyewe halikudumu miaka mia nne kwa sababu ya mawe kuwa magumu. Lilidumu kwa sababu kila aliyekuja aliruhusiwa kuweka jiwe lake.

Hapa ndipo ninapofika kwenye maandishi ya pili ya mipango tuliyo nayo Mbita, ambayo hayakuandikwa popote. Dala la Mjaluo ni mpango wa matumizi ya ardhi bila ramani. (Mbita ni pa Wasuba pia, ila Dholuo na taratibu zake vimekwisha kuenea huko.) Nyumba ya mke wa kwanza, mikayi, inatazama lango. Wake wengine wana upande wao kwa zamu. Simba za vijana ziko karibu na lango, na kijana haishi humo hadi uzee. Atatoka kwenda kusimamisha dala lake, kwa utaratibu wake, wala hamtangulii kaka yake. Kila mlango una sababu ya kutazama unakotazama. Taifa zima lilifundishwa somo hili kati ya 1986 na 1987, katika kesi ya mazishi ya wakili S.M. Otieno, pale mahakama ilipokaa wiki nyingi kusikiliza tofauti kati ya nyumba ambayo mtu ameinunua mjini na makao ambayo yamesimamishwa kwa mila. Watu walicheka magazetini. Binafsi naona ilikuwa mojawapo ya midahalo mirefu zaidi kuhusu usanifu wa majengo ambayo nchi hii imewahi kuwa nayo, ingawa hakuna aliyeiita hivyo.

Na mpango huu una kitu ambacho Lamu haina: unajua kuua nyumba. Juu ya paa la nyasi husimama kijiti, osuri, na mwenye nyumba akifa kinaondolewa. Nyumba haikarabatiwi ili idumu kuliko mwenyewe. Wazazi wakishakwenda, na wana wakiwa wameshatoka, mahali pale panaachwa paporomoke, panakuwa gunda, na gunda hulimwa, hutajwa, hutumika kuthibitisha kwamba babu wa fulani alikaa hapa. Kumbukumbu inakaa kwenye mpangilio na kwenye jina. Wajapani hufanya jambo la ukoo huohuo kule Ise, ambako hekalu hubomolewa na kujengwa upya kila miaka 20, mara ya mwisho 2013, na wao ndio walioukaribisha Nara mwaka 1994 mkutano uliowalazimisha wahifadhi wa dunia kukubali kwamba uhalisi wa jengo si lazima uwe kwenye nondo na mawe yake.

Mhakiki mwingine angeweka kalamu chini hapa akiwa ameridhika. Mila ilijua, serikali haikujua, turudi kwa wazee. Inapendeza, na inasomeka vizuri.

Lakini ufuo si dala. Nani analala kwenye vile vyumba vya mabati? Vijana wa mashua wanaofuata omena, ambao huvuliwa kwa taa usiku usio na mbalamwezi, kwa hiyo wanahama na mwezi. Watu waliotoka mbali wasio na babu aliyezikwa hapa. Na wanawake, wengi. Mjane aliyekataa kurithiwa. Binti aliyerudi kutoka kwenye ndoa, akakuta kwamba kwenye mpango ule mzuri wa milango, kila mtu amechorewa mahali isipokuwa yeye, kwa maana kaka ana simba na yeye alitarajiwa awe kwingine. Katiba inampa haki ya ardhi sawa na kaka yake. Mpango wa dala bado haujaamua mlango wake utazame wapi. Akashuka ufuoni, akakodi chumba, akanunua karai.

Kwa hiyo kile chumba kimeachwa nje na maandishi yote mawili. Kanuni za mwashi zinasema si cha kale wala si cha mawe. Kanuni za dala zinasema si makao, ni pa kulala tu. Kanuni za maji zinasema, kama si cha kudumu, tutafumba macho. Riwaya zetu nazo zinamjua zaidi mwanamume anayehama. Katika The Promised Land ya Grace Ogot, ya 1966, Ochola anaamua kuvuka kwenda Tanganyika kutafuta ardhi na Nyapol anamfuata kwa shingo upande. Ni kitabu ninachokiheshimu sana, na yote yanayowapata huko yanatoka kwenye kuliacha dala. Mwanamke aliyehama peke yake, akakaa pale pale ufuoni, na kisha chumba chake kikawa ndicho kiini cha kisa chote: riwaya hiyo sijaisoma.

Turudi kwenye lile neno la jedwali, kudumu. Chumba cha mabati kinasalimika kwa sababu kinaitwa cha muda. Siku mwenyewe atakapomwaga saruji sakafuni ili mchanga usiingie kwenye uji wa mtoto, siku hiyo amejenga jengo la kudumu ndani ya ukanda, na amekuwa mkosaji. Ona sasa ajabu yake. Mwenye nyumba Lamu anaelekezwa airekebishe, na aitengeneze kwa chokaa kama inavyotakiwa. Huyu wa Mbita ulinzi wake pekee ni kutoitengeneza. Aiache ikae vibaya ndipo iachwe ikae. Halafu afisa anapita, anaona uchafu na kutu, anaandika kwamba makazi haya hayafai kwa binadamu. Hayafai, ndiyo. Sheria ndiyo iliyoyataka hivyo.

Kuna hoja ya upande wa pili na si ndogo. Vyoo. Kipindupindu si hadithi kwetu, na kichocho kinaishi ukingoni hapohapo watoto wanapochota maji. Mafunjo yakifyekwa kupisha vyumba, uchafu wa nchi kavu unaingia ziwani bila chujio. Mtu anayetetea vyumba vya ufuoni bila kutaja choo anatetea picha aliyoipiga akiwa kwenye mashua. Lakini soma tena kanuni: inahesabu jengo, haiangalii kinachotoka kwenye jengo. Choo cha jumuiya kilichojengwa vizuri nyuma ya mita 30, na vyumba mbele yake, kingelilinda ziwa kuliko hoteli iliyoko mwambani kihalali ambayo maji yake machafu yana mteremko mkali wa kukimbilia. Kulala karibu na maji na kujisaidia karibu na maji ni mambo mawili, na kanuni nzuri ingejua kuyatenganisha.

Kuna na jambo jingine ambalo watu wa mipango hawapendi kulisikia kwenye kikao cha mipango. Biashara ya samaki ziwani imewahi kuwa na mtindo unaoitwa jaboya, ambapo mchuuzi mwanamke hupata samaki kwa kuutoa mwili wake kwa mvuvi. Kuna sababu nyingi zilizouzaa na sitajifanya kwamba hati ya chumba ingeuondoa. Ila mwanamke anayeweza kufukuzwa kesho asubuhi hana pa kusimama anapopanga bei na mwenye mashua.

Basi ningetaka kaunti iandike nini? Nisingetaka iorodheshe vyumba hivi kama minara ya ukumbusho. Mabati yale yakitiwa kibao cha makumbusho yatakuwa kichekesho, na kodi itapanda. Ningetaka mpango wa Mbita useme kwamba katika fuo zinazovutwa mashua, kinachoruhusiwa kusimama mbele ya maji ni kidogo, kwa kipimo cha sakafu, na kikianguka mwenyewe ana haki ya kusimamisha kingine cha ukubwa uleule, na sakafu aimwage saruji akitaka. Kwamba haki hiyo ifungwe kwa mtu, isifungwe kwa pembe nne za kiwanja, ili ziwa likipanda apande nalo na likishuka ashuke nalo, bila kuomba upya. Kwamba njia za kwenda majini zichorwe kwanza, kabla ya ploti. Na kwamba lile neno la kipimo kifupi liondolewe kabisa kwa majengo makubwa, mwambani na mchangani sawasawa.

Vikundi vya usimamizi wa fuo, BMU, vipo tangu kanuni za 2007, na vina daftari. Mna wanachama humo, mna mashua. Vyumba havimo. Kama ningepewa jambo moja tu ningeanzia hapo, kwenye safu moja ya ziada: nani analala wapi, tangu lini.

Nimejaribu kuiandika kanuni hiyo kwa Kiswahili, kwa sababu haya yote niliyoyasoma yamo kwa Kiingereza, na mkutano wa hadhara Mbita hauendeshwi kwa Kiingereza. Ilikwenda vizuri hadi nilipofika kwenye jina la mwenye haki. Mmiliki si yeye, hana hati. Mpangaji ni wakati mwingine tu. Skwota ni neno la kufukuzia watu. Dholuo ina jadak, lakini jadak ni mgeni aliyekaribishwa kwenye ardhi ya wenyewe, na mzee wa mji anaweza kumkumbusha hilo hata baada ya vizazi vitatu. Mkaazi lingefaa kama maafisa hawakulizoea kumaanisha mwenye namba ya nyumba. Mwishowe niliandika "anayelala hapo". Rafiki yangu mwanasheria amelizungushia kalamu nyekundu, akaandika pembeni kwamba si istilahi. Bado nimeliacha.